Kompyuta Ilivyoingia Serikalini Tanzania

Kompyuta ya kwanza nchini Tanzania ilifungwa Wizara ya Fedha, Dar es Salaam, mwaka 1965. Ilikuwa mashine ya aina ya ICT 1500 kutoka Uingereza, na ilikuja wakati uhuru una miaka minne tu, wahasibu wazalendo waliosomea kazi hiyo wakiwa wachache. Matumaini yaliyoambatana nayo yanaeleweka. Hesabu za nchi nzima zilifungwa kwa leja za mkono, na mashine iliyoweza kujumlisha tarakimu usiku na mchana bila kuchoka ilionekana kuwa jibu la upungufu wa watu. Mwanzoni mwa miaka ya sabini serikali ikajaribu kuhamishia hesabu zake kwenye kompyuta kubwa zaidi za ICL 1900. Jaribio hilo lilishindwa. Fedha nyingi za kigeni ziliishia kwenye mitambo na wataalamu kutoka nje, hesabu hazikukaa sawa, na mwishowe kazi ikarudishwa mikononi mwa makarani. Mwaka 1974, nchi ikiwa na kompyuta saba kwa jumla, serikali ilitoa amri ya kupiga marufuku uingizaji wa kompyuta na vifaa vyake, pamoja na televisheni. Zanzibar, iliyokuwa na mamlaka yake katika jambo hilo la pili, ilikuwa tayari na televisheni ya rangi.

Marufuku ya 1974 husimuliwa siku hizi kama kichekesho, ushahidi wa enzi iliyoogopa maendeleo. Naona masimulizi hayo hayawatendei haki waliotoa amri. Bei ya mafuta ilikuwa imepanda ghafla mwaka 1973, ukame wa 1973 na 1974 ulikuwa umelazimisha nchi kununua chakula nje, na kila dola iliyobaki Benki Kuu ilikuwa na wenye shida nayo wengi. Kukataa kuendelea kulipia mitambo iliyokwisha kushindwa kulikuwa na mantiki. Kosa lilikuwa katika kutambua chanzo cha ugonjwa. Kompyuta haiwezi kufunga hesabu za mwezi ikiwa hati za malipo kutoka mikoani hazijafika, au zimefika zikiwa na vifungu vya bajeti vilivyokosewa, au zimesainiwa na mtu asiye na mamlaka ya kusaini. Maswali ya nani anaruhusiwa kulipa, kwa hati gani na kufikia tarehe ipi, ni ya utaratibu, na mwaka 1970 utaratibu ulikuwa uleule wa leja. Mashine ilipewa kazi ya kuharakisha kitu ambacho hakikuwa tayari kuharakishwa. Ilipoondolewa, utaratibu ulibaki palepale, na ndiyo maana tatizo la hesabu za serikali halikwisha mwaka 1974 wala kwa miaka ishirini iliyofuata.

Nataka kuifuata historia hii hadi leo kwa sababu inaonyesha jambo moja linalojirudia. Kila mahali teknolojia ilipoleta nafuu ya kweli katika ofisi za serikali ya Tanzania, kuna uamuzi mgumu wa kiutawala uliotangulia au ulioambatana nayo: mtu fulani alinyang'anywa uwezo wa kulipa, au wa kupokea fedha, au wa kuchelewesha cheti. Na kila mahali uamuzi huo ulipokwepwa, mfumo mpya uliendeleza kasoro ya zamani kwa kasi zaidi.

Marufuku ililegezwa polepole. Katika miaka ya themanini kompyuta ndogo za mezani zilianza kuingia kwa vibali, nyingi zikifuatana na miradi ya wafadhili, na mradi ulipokwisha mashine mara nyingi ilibaki kama taipureta ya gharama kubwa. Badiliko lenye uzito lilianzia kwenye mgogoro wa fedha. Mwishoni mwa 1994 wafadhili walisimamisha misaada kwa sababu ya misamaha ya kodi iliyotolewa ovyo. Serikali ya Rais Benjamin Mkapa, iliyoingia madarakani Novemba 1995, ilirithi hazina tupu na madeni ya ndani yasiyojulikana ukubwa wake. Hatua za mwanzo hazikuhitaji kompyuta hata moja. Katika mwaka wa fedha 1995/96 Hazina ilianza bajeti ya fedha taslimu, yaani matumizi ya mwezi yasizidi makusanyo yaliyokwisha kuingia. Mamlaka ya Mapato ilianza kazi Julai 1996, ikikusanya chini ya paa moja kodi zilizokuwa zimegawanyika katika idara mbalimbali. Malipo ya wizara, ambayo kila moja ilikuwa na akaunti zake na kuandika hundi zake, yalivutwa kwenye ofisi moja ya malipo Hazina.

Baada ya hayo ndipo ukaja mfumo. Mwaka 1998 Hazina ilianza kutumia mfumo wa kompyuta wa usimamizi wa fedha uliojengwa juu ya programu ya Epicor, kwanza katika wizara zilizokuwa Dar es Salaam, halafu katika Hazina Ndogo za mikoani. Kilichobadilika kinaonekana vizuri kwenye karatasi moja, hati ya ununuzi, ambayo kila mzabuni anaijua kwa herufi zake tatu, LPO. Zamani ofisa alichukua kitabu cha LPO, akaandika kwa kalamu anachotaka, akagonga mhuri, na mfanyabiashara akapeleka mzigo. Deni la serikali lilizaliwa pale mezani, na Hazina ililisikia miezi kadhaa baadaye ankara ilipofika. Katika mfumo mpya hati ilipaswa kutoka kwenye kompyuta, na kompyuta ilikataa kuitoa ikiwa kifungu hicho cha bajeti hakina fedha. Tanzania ikawa inatajwa barani kama mfano, wakati nchi nyingi zilizonunua programu za namna hiyo kwa gharama kubwa zaidi zilikuwa zimekwama. Wengi walioutazama mfano huo waliiangalia programu. Nadhani walipaswa kuiangalia miaka mitatu iliyotangulia, ambamo wizara zilikuwa zimekwisha kuzoeshwa, kwa uchungu mwingi, kwamba fedha isiyokuwepo hailipwi.

Mfumo uleule ulikuja kuonyesha pia mipaka yake. Katika miaka ya 2010 malimbikizo ya madeni ya serikali yalirudi. Wazabuni waliolisha shule za bweni na magereza, makandarasi wa barabara na watumishi wenye madai ya likizo na uhamisho walikaa miaka wakisubiri. Ripoti za Mdhibiti na Mkaguzi Mkuu zilieleza sababu bila kificho: maofisa waliingia makubaliano nje ya mfumo, kwa barua na kwa maneno, na ankara ziliingizwa kwenye kompyuta fedha zilipopatikana. Programu ilikuwa haijaharibika. Kilichokuwa kimelegea ni adhabu ya kuikwepa. Kenya ilipata somo kali zaidi la aina hiyo. Mfumo wake wa usimamizi wa fedha, IFMIS, ulitangazwa kuwa kinga ya fedha za umma, na mwaka 2015 ikabainika kwamba shilingi za Kenya milioni 791 za Huduma ya Vijana kwa Taifa zilipitia humohumo kwa wasiostahili, nywila za watumishi zikiwa zimetumika kuidhinisha hatua moja baada ya nyingine. Kwa kompyuta, nywila ni saini. Haiulizi mkono ulioiandika ni wa nani.

Ushahidi ulio mzito kuliko wote, kwa maoni yangu, uko kwenye mishahara. Tangu mwaka 2011 serikali ya Tanzania ilikuwa na mfumo wa kisasa wa taarifa za watumishi na mishahara, uliojengwa kwa programu ya Lawson, na kazi ya kuingiza na kuondoa majina ilipelekwa karibu na vituo vya kazi, kwa maofisa utumishi wa halmashauri na taasisi. Ahadi ilikuwa kwamba mtumishi akistaafu au akifariki, jina lake lingeondolewa mwezi huohuo. Lakini mwenye uwezo wa kufuta jina alikuwa yuleyule ambaye angeweza kunufaika kwa kutolifuta, na hakuna aliyekuwa akienda kuangalia kama mwalimu wa shule fulani kweli anasimama mbele ya darasa. Machi 2016 Rais John Magufuli aliwapa wakuu wa mikoa siku 15 kuwatafuta watumishi hewa. Kazi ilifanywa kwa njia ya kizamani kabisa: watu kuitwa kwa majina, kuonyesha barua zao za ajira, kuhesabiwa. Mkuu wa Mkoa wa Shinyanga alisema mkoa wake hauna hata mmoja, uhakiki ukakuta 45, na mwezi Aprili uteuzi wake ukatenguliwa. Mwezi Mei serikali ilitangaza watumishi hewa 10,295 nchi nzima, waliokuwa wakichotewa zaidi ya shilingi bilioni 11 kila mwezi. Kwa miaka mitano kompyuta ilikuwa imewalipa kwa wakati, bila kukosea hata senti.

Mtu anaweza kunijibu kwa tukio la mwaka uliofuata, na jibu hilo lina nguvu. Aprili 2017, Dodoma, Rais alipokea ripoti ya uhakiki wa vyeti iliyotaja watumishi 9,932 wenye vyeti vya kughushi. Uhakiki huo uliwezekana kwa sababu kumbukumbu za Baraza la Mitihani zingeweza kulinganishwa na orodha ya watumishi wa umma: namba ya mtihani, mwaka, jina la shule. Bila kumbukumbu zilizotunzwa vizuri kazi ya namna hiyo ingechukua miaka, na pengine isingefika mwisho. Nakubali. Uwezo wa kulinganisha daftari mbili ni zawadi kubwa ya teknolojia kwa utawala, na ndio uwezo ambao makarani hata wawe waaminifu kiasi gani hawawezi kuufikia. Ila daftari zote mbili zilikuwepo kabla ya amri. Vyeti vingi vilivyokutwa vya bandia vilikuwa vimewafanya wenyewe wapande vyeo na kupokea mishahara kwa muda mrefu, na daftari hizo mbili zilikuwa hazijalinganishwa. Ulinganisho ulifanyika siku mtu mwenye mamlaka alipoamua ufanyike. Tena uamuzi wa kushtukiza una madhara yake: wako waliojikuta kwenye orodha kimakosa, wakalazimika kukata rufaa huku mishahara imesimamishwa, kwa sababu utaratibu wa kusahihisha ulikuja nyuma ya utaratibu wa kuondoa.

Mafanikio makubwa zaidi ya kipindi hiki yalipatikana kwenye malipo ya kawaida ya mwananchi, na hapa historia inastahili kusimuliwa kwa utuo. Mpaka katikati ya miaka ya 2010, taasisi za serikali zilikuwa na mamia ya akaunti katika benki za biashara. Mtu aliyetaka kulipia ada, leseni au ankara ya maji alipanga foleni benki, akaweka fedha kwenye akaunti ya taasisi, akarudi na slipu kwa mtunza fedha, na mtunza fedha akamwandikia stakabadhi. Slipu zilighushiwa. Fedha zilikaa benki siku kadhaa, wakati mwingine wiki, kabla ya kuvuka kwenda Hazina, na serikali hiyohiyo ilikuwa ikikopa kutoka benki hizohizo kwa riba. Huko halmashauri, ushuru wa masoko na wa mazao ulikusanywa kwa vitabu vya stakabadhi vya HW5, na vitabu vilivyopotea vilikuwa mada isiyokosekana katika ripoti za ukaguzi mwaka hadi mwaka. Mapema mwaka 2016 mashirika na taasisi za umma yaliagizwa kuhamishia fedha zao Benki Kuu. Benki za biashara zilitikisika, wakuu wa taasisi walilalamika, na agizo halikubadilishwa. Mwaka 2017 sheria ilirekebishwa ili makusanyo ya umma yapitie mfumo mmoja wa malipo ya serikali, GePG, ambao wataalamu wa ndani ya serikali waliutengeneza wenyewe.

Namna mfumo huo unavyofanya kazi ni nyepesi, na wepesi wake ndio ufundi wake. Taasisi inatengeneza ankara. Mfumo unaipa namba ya malipo yenye tarakimu 12 zinazoanza na 99, ambayo watu wameizoea kwa jina la kontroo namba. Mlipaji anaitumia kwenye simu, kwa wakala au benki. Fedha inaingia, ujumbe wa uthibitisho unarudi kwake na kwa taasisi, na hakuna mtumishi wa taasisi aliyeshika noti. Katika miaka michache namba hiyo ikawa inadaiwa kila mahali, kuanzia mahakamani hadi hifadhi za taifa. Simu za mkononi zilikuwa zimeandaa njia, kwani M-Pesa ilianza Tanzania mwaka 2008, na mtu wa kijijini alikuwa amezoea kutuma fedha kwa tarakimu kabla ya mfumo huo kuanza. Hata hivyo, simu zilikuwepo kwa karibu miaka kumi bila kubadilisha mengi kwenye dirisha la mtunza fedha. Dirisha lilifungwa taasisi zilipoondolewa haki ya kujifungulia akaunti zao.

Wapo wanaopinga mpango huu kwa sababu mbili nzito. Ya kwanza ni ile inayosikika kila wiki katika ofisi za umma: mtandao uko chini. Kitabu cha stakabadhi hakikuhitaji umeme wala mkongo, na mwananchi aliyesafiri kutoka tarafani kuja makao makuu ya wilaya akaambiwa arudi kesho ana hasara ambayo haiandikwi kwenye ripoti yoyote. Hoja hii ni ya haki, na njia ya kuijibu ni kila huduma kuwa na utaratibu wa kisheria wa kumhudumia mtu mfumo unapozimika, halafu kuingiza taarifa baadaye. Hoja ya pili ni ya madaraka. Fedha zote zinapomiminika sehemu moja, halmashauri inayokusanya inageuka mwombaji wa fedha yake yenyewe, na Hazina ikichelewa, zahanati inasubiri. Sidhani hoja hii imejibiwa. Serikali imeonyesha ustadi mkubwa katika kuvuta fedha juu. Ustadi huohuo haujaonekana sawasawa katika kuzirudisha chini kwa tarehe inayojulikana, ingawa mfumo unaoweza kupokea shilingi kwa sekunde unaweza pia kuigawa kwa sekunde. Wala mashine za POS walizopewa wakusanyaji wa ushuru hazikumaliza kila kitu: ripoti za ukaguzi zimeendelea kutaja fedha zilizokusanywa kwa mashine hizo na zisizopelekwa benki. Mkusanyaji anapotembea na noti mfukoni, risiti iliyochapishwa haimzuii.

Mfano wa kodi ya majengo unaonyesha hatari ya aina nyingine. Kodi hiyo ilikuwa ya halmashauri, ikahamishiwa Mamlaka ya Mapato mwaka 2016, na kwa miaka iliyofuata ukusanyaji ulihitaji kumpata mwenye nyumba, kumpa ankara na kumfuatilia. Agosti 2021 ikapatikana njia ya mkato: kodi ikatwe kwenye LUKU mtu anaponunua umeme, shilingi 1,000 kwa mwezi kwa nyumba ya kawaida na 5,000 kwa kila sakafu ya ghorofa. Kiufundi ilikuwa kazi safi. Mita ziko karibu kila nyumba yenye umeme, mfumo wa kuuza umeme ulikuwa tayari, na kukwepa hakuwezekani bila kukaa gizani. Lakini kisheria kodi hii anadaiwa mmiliki, na anayenunua umeme Manzese, Mbagala au Mwanjelwa mara nyingi ni mpangaji. Serikali ilisema wapangaji wakubaliane na wenye nyumba zao namna ya kurudishiana. Mpangaji wa chumba kimoja, ambaye mkataba wake ni wa mdomo na kodi ya chumba anailipa miezi sita mbele, ana nguvu gani ya kumdai mwenye nyumba shilingi elfu moja kila mwezi? Nyumba zenye mita zaidi ya moja zilikatwa zaidi ya mara moja, na ikabidi wenyewe waende ofisini kuomba mita za ziada ziondolewe. Swali la nani anadaiwa lilikuwa limekwisha kujibiwa na sheria, ila jibu hilo lilikuwa gumu kutekeleza, na mfumo ukachagua jibu jingine lililo rahisi kwake. Makusanyo yakipanda kwa njia hiyo, kinachoripotiwa kama ufanisi kina ndani yake mzigo uliohamishwa kutoka bega moja kwenda jingine.

Kinyume cha habari hiyo ni usajili wa vizazi, ambao kwangu ni kazi bora kuliko zote zilizofanywa katika uwanja huu, na pengine inayosifiwa kidogo kuliko zote. Sensa ya mwaka 2012 ilikuta kwamba katika kila watoto 100 wa chini ya miaka mitano, 13 tu ndio waliokuwa na cheti cha kuzaliwa. Sababu haikuwa uzembe wa wazazi. Mama aliyejifungulia kituo cha afya alipewa tangazo la kizazi, karatasi ambayo si cheti, na ili apate cheti alitakiwa asafiri hadi makao makuu ya wilaya na kulipa ada. Kwa familia ya bonde la Usangu au visiwa vya Ziwa Victoria nauli peke yake ilizidi ada mara kadhaa. Mwaka 2013 Wakala wa Usajili, Ufilisi na Udhamini, RITA, kwa kushirikiana na UNICEF na kampuni ya simu ya Tigo, ulianzisha mpango mpya Mbeya, ambao baadaye ulienda Mwanza, Iringa, Njombe, Geita, Shinyanga na mikoa mingine. Ada iliondolewa kwa watoto wa chini ya miaka mitano. Mamlaka ya kusajili yalishushwa hadi ofisi za kata na vituo vya afya. Hatua mbili za tangazo na cheti zikawa moja. Msajili aliandika cheti kwa mkono, kwa wino, akampa mzazi palepale, halafu akatuma taarifa za mtoto kwa simu ya mkononi kwenda kwenye kumbukumbu kuu.

Kwa mtu anayependa vifaa, cheti cha kuandikwa kwa mkono ni aibu, na ukosoaji huo ulikuwepo: makosa ya tahajia, mwandiko usiosomeka, na baadaye usumbufu wa kuvibadilisha vyeti hivyo kuwa vya kuchapwa. Ni gharama ya kweli. Nikipima, hata hivyo, naona walioubuni mpango walijua wanachokitafuta. Wangeweza kufunga kompyuta na printa katika kila ofisi ya wilaya na kuiacha safari ya mama kama ilivyokuwa. Wao waliifuta safari, na teknolojia wakaipa kazi ndogo inayoimudu, ya kubeba taarifa kutoka kata hadi makao makuu. Simu ya kawaida ilitosha. Mikoani ambako mpango ulifika, idadi ya watoto wenye vyeti ilipanda kwa kiwango ambacho miaka mingi ya hamasa na mabango haikuwa imekikaribia.

Kitambulisho cha taifa kilifuata njia nyingine. Mamlaka ya Vitambulisho vya Taifa, NIDA, iliundwa mwaka 2008, na kadi za kwanza zilianza kutolewa 2013. Msukumo mkubwa ulikuja mwaka 2019, usajili wa laini za simu kwa alama za vidole ulipodai namba ya NIDA kwa kila mtu. Mwisho uliwekwa Desemba 31, ukasogezwa hadi Januari 20, 2020, na katika wiki hizo ofisi za wilaya zilifurika watu waliokesha nje. Wengi waliondoka na namba pekee, kadi ikiwa haijachapwa. Ukiitazama fomu ya maombi unaona jengo hili la kidijiti limesimama juu ya nini: juu ya saini na mhuri wa mwenyekiti wa mtaa au mtendaji wa kijiji anayethibitisha kwamba anamfahamu mwombaji. Mimi siioni kama kasoro ya kuonea haya. Ujirani ni ushahidi mzuri. Ila maana yake ni kwamba mtu asiyejulikana kwa mwenyekiti, au aliyekosana naye, au anayeishi mpakani akatiliwa shaka uraia wake, ananyimwa laini ya simu, akaunti ya benki, pasipoti na mkopo wa chuo kwa mpigo mmoja. Kabla ya mifumo kuunganishwa, kukataliwa katika ofisi moja hakukumfungia mtu milango yote. Nchini Kenya swali hilo lilifika mahakamani kuhusu Huduma Namba, mpango wa huko wa namba ya utambulisho. Januari 2020 Mahakama Kuu, katika shauri ambalo Wanubi wa nchi hiyo walikuwa miongoni mwa walalamikaji, ilizuia ukusanyaji wa vinasaba na mahali pa makazi kwa satelaiti, na kuamua kwamba mpango usiendelee mpaka kuwe na sheria kamili ya kuulinda.

Upande wa Tanzania umejipanga kisheria hatua kwa hatua. Wakala ya Serikali Mtandao ilianzishwa 2012, na Sheria ya Serikali Mtandao ya 2019 ikaifanya mamlaka yenye nguvu ya kuzuia taasisi kujitengenezea mifumo isiyozungumza na mingine. Epicor imeachia nafasi mfumo wa MUSE uliotengenezwa nchini, na mwaka 2023 ununuzi wa umma ulihamia kwenye mfumo mwingine wa ndani, NeST. Wapo wanaosema kwamba kusubiri utaratibu urekebishwe kwanza ni kisingizio cha kutofanya lolote, kwamba serikali za Afrika zikingoja sheria kamili zitabaki na mafaili ya vumbi, na kwamba mfumo ukiwepo utawalazimisha watu wabadilike. Historia niliyoieleza haiwaungi mkono. Mfumo wa mishahara wa 2011 haukumlazimisha mtu yeyote kubadilika kwa miaka mitano. Marekebisho yaliyozaa matunda, kama bajeti ya fedha taslimu, kuhamishia fedha Benki Kuu na cheti cha kata, hayakuchukua miaka mingi wala hayakusubiri sheria kamilifu. Yalihitaji mtu wa juu akubali kuchukiwa na watu wa kati.

Kazi iliyobaki iko kwenye kusahihisha. Leo, nje ya karibu kila ofisi ya wilaya, kuna steshenari yenye kompyuta moja ambapo kijana humjazia mwananchi maombi ya NIDA, RITA au mkopo wa chuo kwa malipo, na hapo makosa mengi huzaliwa: herufi moja ya jina, mwaka mmoja wa kuzaliwa. Kosa likishaingia linasambaa kwenye kila mfumo uliounganishwa, na kuliondoa kunadai hati ya kiapo, barua, nauli na subira. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022, iliyoanza kutumika Mei 1, 2023, inampa mtu haki ya kudai taarifa zake zirekebishwe, na Tume ya kuisimamia imeshaundwa. Haki hiyo itakuwa na uzito siku ofisa wa wilaya atakapopewa mamlaka ya kusahihisha jina kwa ushahidi ulio mbele yake, siku hiyohiyo, bila kumtuma mtu makao makuu, na akawajibishwa asipofanya hivyo. Mwaka 2013 msajili wa kata aliaminiwa kuandika cheti cha mtoto kwa mkono wake. Sioni kwa nini mtumishi mwenye kompyuta asiaminiwe kurekebisha herufi.